Picha Nayo ni Mizani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu na dada zangu, naanza na kosa langu mwenyewe. Haifai mtu kuwahubiria wenzake habari za mizani ilhali ya kwake ameificha uvunguni.

Mimi ni mtoto wa Masinya, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Nilipoingia mwaka wa pili chuoni nilianza kuuza mitumba, au mivumba kama tunavyosema kwetu. Nilikuwa nikienda sokoni Busia, nachagua magauni marefu, madera na mitandio, nayafua, napiga pasi, natundika mlangoni mwa chumba cha hosteli, napiga picha, kisha naweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Biashara hiyo haikunidai kibanda wala kodi ya duka. Ilinidai simu na bando tu. Wengi wenu mnaifanya, na wengi zaidi mnanunua humo humo.

Siku chache kabla ya Idd al-Fitr nilipata gauni la kijani, zuri sana, lakini lilikuwa na doa kama la chai upande wa kushoto, chini ya kiuno. Nililifua mara tatu, nikajaribu ndimu, halikutoka. Basi nikalipiga picha upande wa kulia. Nikaongeza mwanga mpaka kitambaa kikang'aa. Chini yake nikaandika: "Gauni la Idd, saizi 14, 35,000." Haikupita saa moja, dada mmoja wa jumuiya yetu hii hii akanitumia pesa.

Asubuhi ya Idd nilimwona amelivaa. Alikuwa amejitanda mtandio mkubwa, na ncha yake ameiteremsha upande wa kushoto, akiishika kwa mkono kila alipoinuka. Baada ya swala tulipeana mkono wa Idd. Hakuniambia neno.

Niliporudi chumbani nilijitetea mbele ya nafsi yangu. Nimesema uongo gani? Niliandika ni gauni, na ni gauni. Niliandika saizi 14, na ni 14. Sikuandika kwamba halina doa. Kila neno langu lilikuwa kweli. Sasa, mtu ambaye hakusema uongo hata mmoja, anaweza kuwa amedanganya?

Kiwele kilichofungwa

Swali hili si geni, na jibu lake lilitolewa kabla ya simu na kamera. Zama za Mtume (S.A.W.) walikuwako wauzaji waliokuwa wakiacha kumkamua ngamia au kondoo kwa siku kadhaa kabla ya kumpeleka sokoni. Kiwele kinajaa, kinaning'inia. Mnunuzi akikitazama anasema moyoni, huyu ni mnyama wa maziwa mengi. Anamlipia bei ya mnyama wa maziwa mengi. Anafika nyumbani, anamkamua siku ya kwanza, na siku ya pili anakuta maziwa ni kidogo tu.

Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Akampa mnunuzi hiari: akitaka amweke mnyama, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende, iwe badala ya maziwa aliyokwisha kuyakamua.

Tulitafakari hilo. Muuzaji yule hakutamka neno. Hakusema kwamba mnyama wake anatoa vibaba vingapi kwa siku. Kiwele kilikuwa kiwele cha kweli, na maziwa yaliyokuwa ndani yalikuwa maziwa ya kweli. Alichokifanya ni kupanga jicho la mnunuzi lione nini, kisha akaliacha jicho hilo limdanganye mwenyewe. Mafakihi wa Kishafi waliifuata njia hiyo hiyo wakaingiza kila tendo linalofanana nalo, kwamba udanganyifu wa tendo una hukumu kama udanganyifu wa neno.

Kwa hiyo utetezi wangu ulianguka. Mwanga niliouongeza kwenye simu ulikuwa kiwele changu kilichofungwa.

Mkono usiofika

Hadithi ya pili mnaijua nyote, lakini nadhani tunaisoma haraka. Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye chakula, naye akajibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akasema kwamba anayedanganya si katika sisi.

Kuna mambo mawili hapa ambayo mimi sikuwa nimeyaona. La kwanza, mvua haikuwa kosa la mtu yule, kama ambavyo doa la chai halikuwa kosa langu. Hakulaumiwa kwa kasoro bali kwa mahali alipoiweka. La pili, hakuambiwa akimwage chakula kile. Aliambiwa akigeuze, kilicholowa kiwe juu. Nafaka iliyolowa inauzika kwa anayeitaka, kwa bei ya nafaka iliyolowa. Gauni lenye doa linauzika vile vile. Uislamu haukunizuia kuuza mitumba yenye kasoro. Umenizuia kuiuza kwa bei ya isiyokuwa nayo.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya soko lile na la kwetu. Pale palikuwa na mkono. Rundo lilikuwa wazi, na yeyote aliyetaka angeweza kutia mkono wake. Sokoni mpakani, upande wa Kenya, mahindi hupimwa kwa gorogoro, lile bati la kilo mbili hivi. Kila mama anajua ujanja wake: bati hubonyezwa tako likaingia ndani, ukidhani umepewa gorogoro kamili kumbe kuna viganja viwili vimebaki kwenye gunia. Na kila mnunuzi mwerevu anajua dawa yake, analigeuza bati alitazame tako kabla hajapimiwa. Surat al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa watu wa namna hiyo, wanaojipimia kikamilifu na kuwapunguzia wenzao.

Sasa picha utaigeuzaje? Dada aliyenunua gauni langu hakuwa na tako la kutazama. Hakuweza kulishika, kulinusa, wala kuliangalia juani. Macho yake yote yalikuwa yangu. Aliona nilichotaka aone, kwa upande niliotaka, kwa mwanga niliotaka. Ndiyo maana nasema picha nayo ni mizani, tena ni mizani ambayo mkono wa muuzaji peke yake ndio unaoigusa. Muuzaji wa kibandani akinyamaza, mnunuzi bado ana mikono na macho. Muuzaji wa mtandaoni akinyamaza, mnunuzi hana kitu. Kunyamaza kwa wawili hawa hakuwezi kuwa na uzito mmoja.

Maulamaa wetu wa zamani waliliona tatizo la kuuza kitu kisichoonekana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, ni kwamba kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Mahanafi wanaruhusu, lakini wanampa mnunuzi hiari ya kukirudisha pindi atakapokiona. Wengine wanaruhusu kwa sharti kielezwe sifa zake kwa ukamilifu. Mimi si mufti, na mwenye kutaka hukumu amwendee mwanachuoni wake. Ninachokiona ni kwamba njia zote tatu zinakwenda kwenye jambo moja: anayenunua bila kuona ana haki ambayo lazima mtu ailinde. Na picha, kwa maoni yangu, si sawa na kuona. Ni maelezo. Muuzaji anapoweka picha anasema, na akisema kwa picha ataulizwa kama anavyoulizwa akisema kwa ulimi.

Hata serikali zimelitambua hilo. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuficha jambo la msingi kuwa ni upotoshaji, na sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 2017 inataka kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake.

Kwetu mpakani jambo hili lina uzito zaidi. Picha haipiti forodhani. Nikiiposti Masinya, dakika hiyo hiyo inaonekana Busia ya Kenya, Bungoma na Kakamega. Facebook ilipofungwa Uganda mwezi Januari 2021, wauzaji wengi walihamia WhatsApp, Instagram na TikTok, na wateja wakawafuata. Lakini gauni lenyewe lina miguu mizito. Mteja wa Kakamega akikuta doa, kurudisha ni nauli ya matatu, boda mpaka mpakani, na pesa ya kutuma iliyokatwa mara mbili. Kwa hiyo anasamehe bila kupenda. Hiari ambayo sheria ya Mwenyezi Mungu imempa, umbali umeipokonya. Muuzaji anayejua hilo na bado akaficha, anafanya biashara na umbali.

Ndilo, au kumbe?

Ukhti mmoja niliyemwonyesha makala haya kabla hayajakamilika alinipinga, na hoja yake ina nguvu. Alisema, "Unafanya dini kuwa ngumu. Kila mtu anajua picha za mtandaoni zimepambwa. Mama wa nyanya naye huziweka nyekundu juu, tena huzinyunyizia maji. Na Uislamu haukukataza uzuri."

Ni kweli haukukataza. Tena si kila picha iliyoguswa ni ya uongo. Chumba changu kina balbu moja ya njano. Gauni la kijani likipigwa picha humo linatoka na rangi ya tope. Nikiongeza mwanga mpaka kijani kionekane kama kinavyoonekana juani, nimeigusa picha ili iseme kweli. Na kinyume chake, ile picha ya upande wa kulia, hata kama nisingeigusa kabisa, bado ingedanganya. Kwa hiyo swali la "umetumia filta?" halitufikishi mbali. Picha isiyoguswa yaweza kuficha, na iliyoguswa yaweza kuonyesha.

Kipimo ninachojiwekea sasa ni hiki. Mteja ameiona picha, akalipa, kisha amefungua mfuko na kulishika vazi lenyewe. Je, atasema "ndilo", au atasema "kumbe"? Yote yanayompeleka kwenye "ndilo" ni pambo, nayo ni halali yako: pasi, mwanga, ukuta safi, kupanga vizuri. Yote yanayompeleka kwenye "kumbe" ni udanganyifu, hata kama hukuandika neno.

Wala hatutakiwi kuorodhesha kila uzi uliolegea. Mafakihi waliieleza kasoro kuwa ni ile inayopunguza thamani ya kitu, au inayoharibu lengo la aliyekinunua, kwa ada ya wafanyabiashara. Zipu iliyokufa ni kasoro. Doa, alama ya pasi, kitambaa kilichosinyaa, saizi iliyopunguzwa na fundi, vyote ni kasoro. Na lengo la mnunuzi lina nafasi yake. Imepokewa kwamba Sahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.) alimwona mtu amenunua ngamia na anaondoka naye. Akamkimbilia akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Yule mtu akasema kwa safari, na Wathila akamwambia kwamba unyayo wa ngamia huyo una tundu. Muuzaji alikasirika kwamba biashara yake imeharibiwa. Kwa mtu wa nyama tundu lile si kitu, lakini kwa msafiri ni kila kitu. Mimi nilijua gauni lile linanunuliwa kwa Idd, kwa sababu niliandika hivyo mwenyewe. Lingekuwa la kuvaa jikoni, doa lile lingekuwa jambo jepesi.

Na mama wa nyanya? Nyanya zake ziko mbele yako. Ukitaka unazigeuza.

Mambo mawili yanayofuatana na hilo

La kwanza ni kuuza usichokuwa nacho. Wanafunzi wengi huchukua picha za bidhaa za mwenye duka, wanaziweka kwenye kurasa zao kana kwamba ni mali yao, mteja akilipa ndipo wanakimbia dukani. Hakim bin Hizam (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) jambo linalofanana na hili: watu wanamjia kutaka kitu asichokuwa nacho, anawauzia, kisha anakwenda kuwanunulia sokoni. Mtume akamkataza kuuza kitu ambacho hanacho. Mara nyingi tatizo liko katika kuficha nafasi yako, na njia ya halali iko karibu. Sema wazi: "Bidhaa hii iko kwa fulani, bei yake ni hii, nitakununulia na ujira wangu ni huu." Hapo umekuwa wakala. Au makubaliane na mwenye duka akulipe kwa kila mteja unayempeleka, hapo umekuwa dalali. Au umwahidi mteja tu, ukanunua kwanza, kikawa mkononi mwako, ndipo ukamuuzia. Kazi ni ile ile, na pesa inakaribiana. Kilichobadilika ni kwamba mteja anajua anashughulika na nani.

La pili ni sifa za kununuliwa. Mwenzako anakwenda chini ya picha yako kuandika "Niliagiza wiki jana, masha Allah, kitambaa safi sana", na hajawahi kununua hata leso. Mtume (S.A.W.) alikataza najshi, yaani mtu asiyetaka kununua kupandisha bei ili kumnasa mwingine. Rafiki anayekusifia hivyo amejitia katika jambo hilo akidhani anakusaidia. Nimesoma katika Ihya ya Imam al-Ghazali habari ya Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa nguo wa Basra. Mtumishi wake alimkunjulia mteja kitambaa, akakitazama na kumwomba Mwenyezi Mungu amruzuku Pepo. Yunus akaamuru kirudishwe, hakukiuza, kwa kuchelea kwamba dua ile imekisifia kitambaa kwa mafumbo. Sisemi sote tufike daraja hilo. Nasema tu kwamba kuna watu waliiogopa hata dua, na sisi tunanunua sifa kwa bando la shilingi mia tano.

Deni lililokuwa safu mbili mbele yangu

Baada ya Idd ile nilitoa 20,000, faida yote niliyoipata kwenye gauni, nikaitia kwenye sanduku la sadaka. Nilikuwa nimekumbuka kisa cha Imam Abu Hanifa, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Alimpelekea mshirika wake nguo akamtahadharisha kwamba mojawapo ina kasoro, na akiiuza aibainishe. Mshirika akasahau, akaiuza, wala hakumjua aliyeinunua. Abu Hanifa alipopata habari akaitoa sadaka thamani yote ya mauzo yale. Nikaona nami nimefuata njia ya Imamu.

Baadaye nikakisoma kisa upya, nikasimama kwenye maneno niliyoyaruka: mnunuzi hakujulikana. Abu Hanifa alitoa sadaka kwa sababu haki haikuwa na mlango wa kurudi. Wa kwangu alikuwa akisali safu mbili mbele yangu kila siku. Sadaka yangu ilikuwa ni kulipa deni la mtu kwa kumpa mtu mwingine, ili nisilazimike kumtazama mwenye deni usoni.

Nilimfuata baada ya Alasiri. Nilimweleza yote, nikamwambia yuko huru kurudisha gauni achukue 35,000 zake. Aliinama, akasema, "Nililiona doa siku ile ile lilipofika. Nikadhani wewe hukuliona. Nikasema nikikwambia utaona haya, basi nikanyamaza."

Yeye alinyamaza ili anisitiri, na mimi nilinyamaza ili nimnyang'anye. Sijapata kusikia hotuba iliyonikaa kuliko maneno yale. Gauni hakulirudisha, alisema amelizoea. Tulikubaliana nimrudishie 10,000, nikamrudishia.

Mtaniuliza, nani atanunua ukionyesha doa? Jibu la kweli ni kwamba wengine hawanunui. Mauzo yangu yalishuka miezi miwili ya mwanzo, na kuna nguo nimeziuza kwa bei niliyozinunulia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mtandaoni hata kizuri hakina budi kutembezwa, na anayetembeza kwa filta humpita anayetembeza bila filta. Mtume (S.A.W.) alituambia kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa. Hakutuahidi wateja wengi. Ametuahidi baraka, na mimi nimeanza kuijua maana yake: ni kusimama kwenye safu asubuhi ya Idd bila kuogopa nguo aliyoivaa jirani yako.

Siku hizi kila nguo ninayoiweka ina picha ya mwisho. Kama kuna kasoro naipiga kwa karibu, kidole changu kikiwa juu yake, na bei naiandika hapo chini. Mteja hawezi kutia mkono wake, basi nautia mimi kwa niaba yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atusamehe tuliyoyaficha. Wallahu a'lam.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.